Historia ya Lewiston, Maine, na watu mashuhuri waliotoka huko: jibu kwa mwalimu wa Handeni

Mwalimu mmoja wa historia, anayefundisha sekondari wilayani Handeni, ameandika kwamba ana jirani aliyetokea makazi ya Chogo, mmoja wa wale Wabantu wa Somalia waliopokewa Tanzania na kupewa uraia, na kwamba jirani huyo ana ndugu wanaoishi katika mji unaoitwa Lewiston, jimbo la Maine, Marekani. Wanafunzi wamemsikia mzee huyo akiusifu mji wa ndugu zake na kusema kwamba huko kuna Wazigua, wakamwuliza mwalimu, naye ameniletea maswali matatu: mji huo ulianzaje, ni watu gani mashuhuri waliozaliwa hapo, na je, ni kweli kwamba Muhammad Ali aliwahi kupigana ngumi katika mji mdogo kiasi hicho.

Mwalimu, nianze na swali lako la mwisho, maana jibu lake ni fupi: ni kweli kabisa, na nitalieleza pambano hilo mahali pake. Maswali mawili ya kwanza yanahitaji nafasi zaidi, kwa sababu Lewiston ni mji ambao huwezi kuorodhesha watu wake bila kueleza kwanza nini kiliwaleta hapo. Karibu kila kizazi cha mji huo kilianza na watu waliotoka mbali kutafuta kazi au usalama, wakapokewa kwa mashaka, kisha watoto wao wakawa ndio wenye mji.

Lewiston uko kwenye ukingo wa mashariki wa mto Androscoggin, yapata kilomita 55 kaskazini mwa Portland, na ng'ambo ya mto kuna mji pacha uitwao Auburn. Kwa hesabu za Maine ni mji mkubwa, wa pili katika jimbo zima; kwa hesabu za Marekani ni mji mdogo sana, kwani sensa ya 2020 ilikuta wakazi wanaozidi 37,000 kidogo tu. Kabla ya Wazungu, bonde hilo lilikuwa la Waabenaki, waliovua samaki na kulima kando ya mto huo. Mwaka 1768 kampuni ya wamiliki wa ardhi iliyoitwa Pejepscot ilitoa eneo hilo kwa watu wawili, Jonathan Bagley na Moses Little, kwa sharti kwamba walete familia 50 kabla ya 1774 na waupe mji jina hilo. Mkazi wa kwanza kutoka Massachusetts, Paul Hildreth, alijenga kibanda chake mwaka 1770. Makazi hayo yalipata hadhi ya mji mdogo mwaka 1795, wakati Maine yenyewe ilikuwa bado sehemu ya Massachusetts, na haikuwa jimbo kamili hadi 1820. Kwa miaka hamsini ya kwanza hakuna cha ajabu cha kusimulia: mashamba, vinu vya kukata mbao, makanisa, na baridi.

Kilichoubadilisha mji ni maporomoko. Mto Androscoggin unashuka hapo karibu mita 15 katika umbali mfupi, na kwa wafanyabiashara wa Boston wa katikati ya karne ya 19 maji yanayoanguka namna hiyo yalikuwa mtambo usiohitaji kuni wala makaa. Walinunua ardhi na haki za maji, na kuanzia 1850 wakawaajiri vibarua, wengi wao Waayalandi waliokimbia njaa kwao, kuchimba mifereji kwa sururu na koleo. Utaratibu wake unafaa kuwaeleza wanafunzi wako, kwa sababu ramani ya mji ilitokana nao. Maji yanachepushwa juu ya maporomoko na kuingia katika mfereji uliojengwa kwa mawe, unaopita katikati ya mji ukiwa juu kuliko mto. Viwanda vimepangwa kwa safu kando ya mfereji huo. Kila kiwanda kinachukua maji upande mmoja, kinayaangusha kwenye magurudumu yaliyo chini ya jengo, kisha kinayatoa upande wa pili kwenye mfereji wa chini au mtoni. Nguvu ya gurudumu ilipandishwa ghorofa kwa ghorofa kwa fito za chuma na mikanda ya ngozi hadi ikafika kwenye mashine za kusokota na za kufuma. Ndiyo maana majengo yale ya matofali mekundu ni marefu na membamba, yamesimama sambamba na maji, na mitaa ya wafanyakazi imebanana nyuma yake.

Mkuu wa wawekezaji hao alikuwa Benjamin Bates, ambaye kiwanda chake cha kwanza kilianza kazi mwaka 1852. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, viwanda vingi vya kaskazini vilikosa pamba, kwa sababu pamba ilitoka kusini. Bates alikuwa amekwisha kulimbikiza, na viwanda vyake viliendelea kufuma nguo kwa ajili ya jeshi la kaskazini. Lewiston ulikua kwa kasi, ukapata hadhi ya jiji mwaka 1863, na kwa karibu karne moja neno Bates lilikuwa na maana mbili za kila siku: kiwanda, na matandiko mazito ya kitanda ambayo Wamarekani wengi waliyajua bila kujua yalikotoka.

Jina hilo lina maana ya tatu. Mwaka 1855 mchungaji wa Kibaptisti, Oren Cheney, aliyekuwa mpinga utumwa mwenye msimamo mkali, alianzisha Lewiston shule iliyopokea wanafunzi bila kujali rangi wala jinsia, jambo lililokuwa nadra mno wakati huo. Shule ilihitaji fedha, Benjamin Bates akatoa, na mwaka 1864 ikaitwa Chuo cha Bates. Hapa mwanahistoria hawezi kupita haraka. Pamba iliyosokotwa Lewiston kabla ya vita ilivunwa na watumwa, na faida ya pamba hiyo ndiyo iliyokilisha chuo cha wapinga utumwa. Cheney hakuwa mnafiki, na sidhani kwamba Bates alijiona mhalifu. Uchumi wa Marekani ulikuwa umewafunga kamba moja wafumaji wa kaskazini na wamiliki wa mashamba wa kusini, na wachache waliona aibu ya kutosha kuikata. Miaka zaidi ya hamsini baadaye alifika chuoni hapo kijana Mweusi kutoka South Carolina, Benjamin Mays, ambaye wazazi wake walizaliwa utumwani na ambaye yeye mwenyewe alikulia kwenye mashamba ya pamba. Alihitimu mwaka 1920. Baadaye aliongoza Chuo cha Morehouse huko Atlanta kuanzia 1940 hadi 1967, akawa mlezi wa fikra wa Martin Luther King, na mwaka 1968 ndiye aliyetoa hotuba ya kumuaga mwanafunzi wake huyo katika mazishi yake. Mays si mzaliwa wa Lewiston, lakini ukiniuliza ni nani mkubwa kuliko wote waliowahi kuishi katika mji huo, nitamtaja yeye bila kusita.

Sasa nirudi viwandani. Waayalandi walichimba mifereji, lakini waliojaza vyumba vya kufumia walikuwa Wafaransa wa Kanada. Mashamba ya Quebec yalikuwa yamegawanywa mno kati ya warithi, familia zilikuwa kubwa na kipato kidogo, na tawi la reli lililofunguliwa mwaka 1874 liliunganisha Lewiston na njia kuu ya Grand Trunk itokayo Montréal. Kuanzia hapo mtu aliweza kupanda treni kijijini kwake na kushuka kwenye kituo cha mtaa wa Lincoln, hatua chache tu kutoka kwenye chumba cha kupanga, na kesho yake akaingia kiwandani pamoja na mke, mabinti na watoto wake wadogo. Mtaa wao uliobanana kando ya mto, wenye nyumba za mbao za ghorofa nne zilizokaribiana kiasi kwamba majirani waliweza kuzungumza dirisha kwa dirisha, uliitwa Petit Canada. Walikuwa na gazeti lao la Kifaransa, Le Messager, lililoanza mwaka 1880. Walikuwa na shule za kanisa, vyama vya kuzikana na kusaidiana, na kwa senti za wafanyakazi hao lilijengwa kanisa kubwa la Watakatifu Petro na Paulo, lililoanza kujengwa mwaka 1906 na kukamilika 1938. Tangu 2004 kanisa hilo lina hadhi ya basilika, na minara yake ndiyo inayoonekana kwanza unapoukaribia mji.

Wenyeji wa Kiprotestanti hawakupendezwa. Mwaka 1919 Maine ilitunga sheria iliyopiga marufuku kufundisha kwa Kifaransa katika shule za umma, isipokuwa katika vipindi vya lugha za kigeni, na katika miaka ya 1920 Ku Klux Klan, chama cha Wazungu kinachojulikana kwa kuwatesa Weusi, ilipata wafuasi wengi katika jimbo hilo, ambako Weusi walikuwa wachache sana. Adui wao huko alikuwa Mkatoliki anayezungumza Kifaransa. Wanafunzi wako huenda wakashangaa kusikia kwamba chama hicho kiliwahi kuwaandama Wazungu, na mshangao huo utawafaa. Mwaka 1937 Wafaransa hao walikuwa wengi miongoni mwa maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya viatu vya Lewiston na Auburn waliogoma kudai mishahara na haki ya chama chao. Walipojaribu kuandamana kuvuka daraja kwenda Auburn mwezi Aprili walizuiwa kwa virungu, na gavana akaleta wanajeshi. Mgomo ulishindwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kazi ya nguo ilianza kuhamia kusini mwa Marekani, kwenye ujira mdogo, kisha ng'ambo ya bahari. Viwanda vya Lewiston vilifungwa kimoja baada ya kingine, na kampuni ya Bates ilizima mashine zake za mwisho mwaka 2001. Majengo mengi yamebaki, mengine yakiwa ofisi, nyumba, migahawa na makumbusho ya kazi. Lililonivutia daima ni Kiwanda Namba 5, kilichochorwa na msanifu Albert Kahn na kujengwa mwaka 1914, chenye paa lililokatwakatwa kama meno ya msumeno: kila jino lina vioo upande wa kaskazini, ili mwanga wa mchana uwafikie wafumaji bila jua kuwapiga machoni wala kuchubua rangi ya kitambaa.

Kuhusu watu mashuhuri, naomba tutenganishe waliozaliwa Lewiston na waliosoma au kupita tu, kwa sababu orodha nyingi huwachanganya. Mwaka 1877 walizaliwa hapo watoto wawili ambao maisha yao yanauonyesha mji ule kwa pande zake zote mbili. Wa kwanza ni Wallace White, mjukuu wa William Frye. Frye naye alizaliwa Lewiston mwaka 1830, akawa meya wa mji, akaingia Seneti mwaka 1881 na kukaa humo hadi alipofariki 1911, na mwaka 1898 alikuwa mmoja wa wajumbe wa Marekani waliokwenda Paris kufunga mkataba wa amani na Hispania. Mjukuu alifuata njia ya babu: aliingia bungeni, akashiriki kutunga sheria ya redio ya 1927, na akaongoza wabunge wa chama chenye wingi katika Seneti kuanzia 1947 hadi 1949. Ni watu wa heshima, na leo hawatajwi sana hata Lewiston kwenyewe.

Mtoto wa pili wa 1877 alikuwa wa tisa na wa mwisho katika familia ya Waingereza waliofuata kazi ya pamba. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda. Mama alifariki mtoto akiwa na miaka minane, familia ikatawanyika, naye alipokuwa kijana mdogo akafanya kazi katika kiwanda cha viatu Auburn. Aliitwa Edmund Hartley, lakini baadaye alichukua jina la ukoo wa mama yake wa kambo, na dunia ya sanaa inamjua kama Marsden Hartley, mmoja wa wachoraji wa kwanza wa Marekani walioachana na uchoraji wa kuiga vitu jinsi vinavyoonekana. Alionyesha kazi zake peke yake kwa mara ya kwanza New York mwaka 1909, katika ukumbi wa mpiga picha Alfred Stieglitz, kisha akaenda Paris na Berlin. Huko Berlin rafiki yake mpendwa, ofisa kijana wa Kijerumani Karl von Freyburg, aliuawa vitani Oktoba 1914, na Hartley akamwombolezea kwa picha isiyo na uso wala mwili: juu ya weusi mzito kumejaa bendera, msalaba wa chuma, herufi za jina lake na mapambo ya sare, vimepangwa kana kwamba mtu amevuliwa vyote na kuvitandaza ukutani. Picha hiyo sasa iko katika jumba la Metropolitan, New York, nami nadhani ni miongoni mwa maombolezo makubwa ya karne iliyopita.

Hartley alihangaika nchi nyingi, mara nyingi bila fedha, na utoto wake wa Lewiston aliukumbuka kwa uchungu. Hata hivyo mwaka 1937, akiwa na miaka sitini, alirudi na kujitangaza mchoraji wa Maine. Mlima Katahdin, wavuvi na magogo ya mtoni ndivyo vilivyomshughulisha hadi kifo chake mwaka 1943. Majivu yake yalimwagwa katika mto Androscoggin. Makumbusho ya Chuo cha Bates yana mkusanyiko wa michoro yake na vitu vyake, kwa hiyo mtu anayetaka kumfahamu hana haja ya kuanzia New York.

Katika waliozaliwa hapo karibuni, wawili wanajulikana zaidi. Paul LePage alizaliwa mwaka 1948, mkubwa wa watoto kumi na wanane wa familia maskini iliyozungumza Kifaransa, akatoroka kipigo cha baba yake akiwa na miaka kumi na mmoja na kulala mitaani Lewiston kabla ya kuchukuliwa na familia nyingine. Kiingereza chake kilikuwa dhaifu kiasi kwamba aliingia chuo baada ya kuruhusiwa kufanya mtihani wa kujiunga kwa Kifaransa. Alikuwa gavana wa Maine kuanzia 2011 hadi 2019, gavana mwenye ulimi mkali, aliyegawanya watu na aliyekuwa mgumu hasa kwa misaada ya serikali kwa waomba hifadhi. Msomaji anaweza kuona kinaya hapo. Wafuasi wake watajibu kwamba yeye alijiinua bila msaada huo, na mjadala huo haujaisha. Wa pili ni mwigizaji Patrick Dempsey, aliyezaliwa 1966 na kukulia vijiji vya jirani, anayejulikana kwa kuigiza daktari katika tamthilia ya televisheni. Mama yake alipata saratani, naye mwaka 2008 akaanzisha Lewiston kituo kinachowahudumia bure wagonjwa wa saratani na familia zao. Kwa mkazi wa kawaida kituo hicho kina uzito kuliko tamthilia.

Bondia Joey Gamache alizaliwa kwingine Maine lakini akalelewa Lewiston, na mwaka 1991 alitwaa ubingwa wa dunia wa WBA katika mji huohuo kwa kumshinda Jerry Ngobeni wa Afrika Kusini. Edmund Muskie, mtoto wa fundi cherehani mhamiaji wa Kipolandi, alizaliwa Rumford, juu zaidi kwenye mto uleule, akahitimu Bates mwaka 1936, akawa gavana, seneta, mgombea wa umakamu wa rais mwaka 1968 na waziri wa mambo ya nje mwaka 1980. Muskie ana uhusiano na mji huo ambao ni mkubwa kuliko cheti cha chuo. Viwanda vya karatasi vya juu ya mto vilimwaga taka zao kwenye Androscoggin hadi mto ukanuka mji mzima wakati wa kiangazi, na mwaka 1947 profesa wa kemia wa Bates, Walter Lawrance, aliwekwa na mahakama kuwa msimamizi wa kiasi cha taka kilichoruhusiwa. Muskie alikuwa ameukulia mto huo. Ndiye aliyeisukuma katika Seneti sheria ya maji safi ya 1972, ambayo Rais Nixon aliikataa na bunge likaipitisha licha ya kukataa kwake.

Pambano la Ali lilitokea Mei 25, 1965. Ali alikuwa amemvua Sonny Liston ubingwa wa uzito wa juu mwaka uliotangulia, na marudiano yalipangwa Boston Novemba 1964, yakaahirishwa baada ya Ali kufanyiwa upasuaji wa ngiri. Ilipokaribia tarehe mpya, wakuu wa Massachusetts wakawatilia shaka waandaaji, na pambano likakosa mahali. Lewiston ulijitolea zikiwa zimebaki wiki chache. Ukumbi ulikuwa uwanja wa mpira wa magongo wa barafuni uliojengwa na Wakatoliki wa hapo, yaani na Wafaransa wale wale wa Petit Canada. Malcolm X, kiongozi wa Weusi aliyekuwa rafiki wa Ali kabla hawajatengana, alikuwa ameuawa Februari, uvumi wa kisasi dhidi ya Ali ulienea, polisi wakapekua mikoba ya wanawake mlangoni, na waliolipa kiingilio walikuwa 2,434 tu, idadi ambayo hutajwa kuwa ndogo kuliko zote katika pambano la ubingwa wa uzito huo.

Mwimbaji Robert Goulet alikosea maneno ya wimbo wa taifa, na baada yake mambo yalikwisha upesi mno. Katika raundi ya kwanza Ali alirusha ngumi fupi ya kulia ambayo wengi ukumbini hawakuiona, Liston akaanguka, na Ali badala ya kwenda kwenye kona alisimama juu yake akimfokea ainuke apigane. Refa Jersey Joe Walcott, aliyekuwa bingwa zamani, alishindwa kuhesabu sawasawa kwa sababu ya kumshughulikia Ali. Liston aliinuka, wakaanza tena kupigana, ndipo mhariri wa jarida la ngumi aliyekaa kando ya ulingo akamwita refa na kumwambia kwamba hesabu ya kumi ilikuwa imepita. Kama Liston aliuza pambano au alipigwa kweli, watu wanabishana hadi leo. Mimi nikiangalia filamu naona ngumi iliyofika, ingawa sioni ngumi ya kumlaza mtu kama Liston. Picha ya Neil Leifer ya Ali akiwa amekunja mkono juu ya mpinzani aliyelala ndiyo uliyoiona kwenye fulana na kuta za vinyozi, na ilipigwa Lewiston.

Imebaki sehemu inayomhusu jirani yako. Kuanzia mapema mwaka 2001 familia za Kisomali zilizokwisha kupokewa kwingine Marekani zilianza kuhamia Lewiston, zikivutwa na nyumba za bei nafuu zilizoachwa wazi na wafanyakazi wa viwanda, shule, na utulivu. Mwezi Oktoba 2002 meya wa wakati huo, Laurier Raymond, yeye mwenyewe wa uzao wa Kifaransa, aliwaandikia wazee wa Kisomali barua ya wazi akiwataka wawazuie wenzao wasije tena, kwa kuwa mji umelemewa. Barua hiyo ilivuta kundi la wabaguzi wa rangi kutoka nje ya jimbo, lililoitisha mkutano Januari 2003. Waliohudhuria upande wao walikuwa wachache, huku maelfu ya watu wakijazana Bates siku hiyohiyo kuwaunga mkono wageni.

Wabantu wa Somalia walifuata miaka michache baadaye. Hapa ningependa umweleze mzee wako jambo moja kwa upole. Wanafunzi wako wamesikia kwamba Lewiston kuna Wazigua, lakini asili ya watu hao ni pana zaidi: mababu zao walichukuliwa karne ya 19 kutoka makabila mengi ya Tanzania, Msumbiji na Malawi, Wayao, Wamakua, Wangindo na wengineo, wakauzwa pwani ya Benadir, kusini mwa Somalia. Wazigua wana simulizi yao ya njaa iliyowafanya wadanganywe na kupakiwa majahazini, na ya mwanamke Wanankhucha aliyewaongoza kutoroka hadi misitu ya mto Juba. Hao ndio waliohifadhi Kizigua hadi leo. Wengi wa waliofika Lewiston ni wa vijiji vya juu zaidi vya bonde hilo, na lugha yao ya nyumbani ni Kimaay, lugha ya kusini mwa Somalia. Kiswahili walijifunza kambini Dadaab na Kakuma, walikoishi baada ya kukimbia vita vya 1991. Serikali ya Marekani ilikubali mwaka 1999 kuwapokea yapata 12,000. Mwanaanthropolojia Catherine Besteman wa Chuo cha Colby, aliyeishi katika kijiji cha Banta mwaka 1987 na 1988, aliwakuta karibu miaka ishirini baadaye watu wa kijiji hichohicho Lewiston, mwendo wa saa moja hivi kutoka chuoni kwake, na picha alizokuwa amewapiga ndizo zilizowaonyesha baadhi yao sura za wazazi waliokufa.

Pamoja nao wamekuja Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Waangola, na hapo historia imefanya jambo ambalo hakuna aliyelipanga: wazee wa Petit Canada, waliokatazwa Kifaransa shuleni wakiwa watoto, wamepata katika wakimbizi wa Afrika watu wa kuzungumza nao lugha hiyo. Mwaka 2015 timu ya soka ya wavulana ya shule ya sekondari ya Lewiston, ambayo wachezaji wake wengi walitoka familia za Kisomali na Kikongo, baadhi wakiwa wamezaliwa kambini Kenya, ilitwaa ubingwa wa jimbo kwa kuifunga Scarborough bao 1–0. Safiya Khalid alichaguliwa diwani mwaka 2019 akiwa na miaka 23, na Mana Abdi akaingia bunge la jimbo baada ya uchaguzi wa 2022. Nikitaja historia ya karibuni siwezi kuruka Oktoba 25, 2023, mtu mwenye bunduki alipoua watu 18 katika ukumbi wa mchezo wa kuangusha pini na katika mgahawa mmoja wa mji huo. Ndugu wa jirani yako, kama wakazi wote, walikaa siku mbili wamejifungia ndani hadi muuaji alipopatikana amekufa.

Tahadhari moja kabla hujawapa wanafunzi kazi ya kutafuta zaidi: kuna Lewiston nyingine yenye ukubwa unaokaribiana, katika jimbo la Idaho, upande wa pili wa Marekani, na nyingine ndogo jimbo la New York, karibu na maporomoko ya Niagara. Orodha za watu mashuhuri za miji hiyo huchanganyika mara kwa mara, kwa hiyo waambie waandike jina la jimbo kila wanapotafuta, na waangalie kwa kila mtu kama alizaliwa hapo, alisoma hapo au alipita tu.